Kemikali ya kuosha nyumba: injekta, napsaki ama pampu ya betri?

Msafi_wa_Langata
Wasee habari. Nauliza wale wako kwa kazi ya kuosha nyumba na mashine ya presha. Nimepata kazi ya maisonette kadhaa kwa estate moja Lang'ata, zile za zamani, vigae vya udongo juu, ukuta wa plasta umepakwa rangi ya krimu. Upande mmoja wa nyumba zote umeshika ukungu mweusi na ule ukijani, tena si kidogo, ata pale chini ya madirisha unashuka kama wino. Mashine yangu ni ya petroli, hp 6.5, inatoa kama lita 9 kwa dakika, na ilikuja na ile injekta ndogo ya shaba kwa boksi, ile ya kuvuta dawa ichanganyike na maji. Sasa kila mtu ananiambia yake. Mmoja anasema weka jik (ile bleach ya klorini ya dukani) kwa ndoo mashine ivute dawa pamoja na maji, mwingine anasema injekta, mwingine chupa ya povu ya karwosh, mwingine eti nisianze bila pampu ya betri. Nipeni mwelekeo kabla sijakula deposit ya watu.

kemikali_ndogo
Hiyo ya kwanza futa kabisa kwa kichwa. Dawa ikipita ndani ya pampu inakula sili, inakula valvu, shaba inaanza kugeuka kijani, na siku utafungua hiyo pampu utapata springi zimeoza. Mashine yenyewe itaendelea kulia vizuri tu lakini presha imeisha. Pampu ni ya maji, hivo tu.

Hizo zingine zote zinafanya kazi. Shida ni kwamba watu wanachagua kifaa kwanza alafu ndio wanafikiria dawa, na inafaa kuwa kinyume. Jiulize dawa inafika ukutani ikiwa na nguvu gani. Sio nguvu iliyoandikwa kwa chupa, ile inafika ukutani.

mtu_wa_karwosh
Bro chupa ya povu imemaliza hii maneno. Unajaza, unapiga, ukuta wote unakuwa mweupe kama keki, kastoma anafurahi ata kabla hujaosha. Sisi kwa magari tunatumia kila siku.

kemikali_ndogo
@mtu_wa_karwosh kastoma anafurahi sawa, ukungu je? Povu kwa gari ni ya kulainisha vumbi na matope ndio usikwaruze rangi. Ukungu ni kitu hai, umeshika mizizi kwa plasta, sabuni peke yake inaufuta juu na baada ya mvua mbili tatu umerudi. Inataka klorini. Na ile chupa ni ya lita moja, ukuta wa maisonette utakuwa unapanda na kushuka kujaza mpaka jioni. Alafu klorini ndani ya chupa ya povu inaziba ile wavu ndogo ya ndani na kuila, hizo hazikutengenezwa kwa hiyo kazi. Povu ni sawa kwa geti, kwa madirisha, kwa cabro (yale matofali ya kupanga chini) yenye vumbi tu.

Injekta_ni_Injekta
Mimi natetea injekta. Nimeifanyia kazi miaka mingi na wale wanaisema vibaya hawajui kuitumia. Inakaa BAADA ya pampu kwa hivyo dawa haigusi mashine, unabadilisha nozeli tu. Nozeli ndogo ya presha, injekta inafunga yenyewe, unaosha na maji. Ukivaa ile nozeli kubwa nyeusi ya sabuni, presha inashuka na injekta inaanza kuvuta dawa. Mtu mmoja anafanya nyumba nzima bila kubeba kitu mgongoni. Na kwa nini huko Marekani karibu kila msee wa kuosha nyumba anaitumia? Au wao ni wajinga?

kemikali_ndogo
Sio wajinga, na hapo umegusa penyewe. Wao wananunua klorini ya asilimia 12.5 kwa mapipa. Injekta ya kawaida inachanganya sehemu moja ya dawa na kama kumi ya maji. Piga hesabu, 12 ukigawanya kwa 11 unapata kama asilimia 1.1 ukutani. Ukuta wenye ukungu unataka kati ya nusu na moja, kwa hivyo imetosha na kubaki.

Sasa njoo Nairobi. Msee ananunua jik ya supamaketi ambayo ni kama 3.5, anaichomeka injekta ile ile. 3.5 gawanya kwa 11 ni 0.3. Hapo hujaua ukungu, umeunusisha. Alafu anarudi analalamika injekta ni bure, anaongeza presha, anaanza kuchimba rangi ya watu. Injekta haina makosa, dawa ndio hafifu.

Injekta_ni_Injekta
Sawa hapo sina ubishi. Mimi natumia ile klorini kali ya mtungi kutoka Industrial Area, jik sijawahi weka kwa injekta. Lakini ungesema hivo kutoka mwanzo.

rangi_mbili
Nisikize pia fundi wa rangi jamani. Hizi nyumba mnaosha ni sisi tunaitwa kurekebisha. Ukuta wa rangi ya zamani, pitisha kiganja, ukiona umetoka na unga mweupe jua hiyo rangi imechoka, presha yoyote itaichukua na itabaki na mistari kama mtu amepitisha rake. Hapo ni dawa ifanye kazi na maji yasukume tu. Na kitu kingine, msiweke kosti soda kwa ukuta wa rangi eti ni ya kutoa mafuta. Hiyo ni ya sakafu ya gereji. Ukutani inakula rangi na inakula vidole vyako.

Msafi_wa_Langata
Asanteni sana. Sasa hii klorini ya mtungi inauzwa na nguvu gani? Na nitajuaje injekta yangu inavuta ngapi, ju kwa boksi hakuna kitu imeandikwa.

kemikali_ndogo
Mtungi wa lita 20 ukiwa mpya ni kati ya 10 na 12. Shida ni neno mpya. Klorini ya maji inapoteza nguvu kila siku, joto na jua ndio vinaimaliza haraka. Ile umeona imepangwa nje ya duka juani wiki nzima, achana nayo. Uliza imetengenezwa lini, nunua ya kazi ya wiki hiyo, weka kivulini. Na usikaze kifuniko mpaka mwisho ukiibeba kwa buti ya gari, inatoa gesi, mtungi unafura.

Kupima injekta ni rahisi. Tia maji lita moja kwa jagi, tumbukiza paipu ya injekta humo, vaa nozeli nyeusi, alafu elekeza bunduki kwa pipa ama ndoo kubwa za kuhesabu lita. Jagi likikauka tu, achia. Kama pipa liko na lita 12, injekta yako ni moja kwa kumi na moja. Kama liko na lita 20, basi inavuta kidogo sana. Pima na paipu ile ile utatumia kwa kazi, kwa urefu ule ule, ju paipu ikiwa ndefu sana baada ya injekta, ama ukiwa unapiga ghorofa ya juu, uvutaji unashuka. Na injekta inaendana na lita za mashine. Ukichukua ya mashine kubwa uweke kwa mashine ya lita 6 za stima, haitavuta kitu, utaona tu viputo kwa ile paipu ya plastiki vinacheza mahali pamoja.

Mama_Ploti_Kitengela
Mimi si fundi, mimi ni mwenye nyumba, lakini acha niseme. Watoto walikuja kuniosha paa, kazi safi, nikalipa. Hakuna aliyeniuliza hiyo gata inaenda wapi. Gata yangu inaingia kwa tangi la lita elfu kumi la maji ya mvua, hayo ndio tunafulia, hayo ndio ng'ombe wanakunywa maji ya kaunti yakipotea. Tukashtukia harufu. Tangi lote likamwagwa, na huku ni Kitengela, unajua bei ya bowser, lori la maji, wewe? Tafadhali vijana, mkifika kwa boma la mtu angalieni gata kwanza.

Injekta_ni_Injekta
Pole sana mama. Hiyo ni ya kwanza kabisa, unachomoa ile paipu inashuka kwa tangi, unaelekeza maji nje, na unaiacha nje mpaka mvua ya kwanza ioshe paa ndio unarudisha. Wengine wanarudisha jioni hiyo hiyo.

kemikali_ndogo
Na usiielekeze moja kwa moja kwa mtaro wa barabara. Mitaro ya mvua ya Nairobi inaishia mtoni bila kusafishwa, na NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, wana kanuni za ubora wa maji zinakataza kumwaga uchafu wa hivyo mtoni. Mwagia kwa nyasi pana ambayo umeilowesha kwanza maji mengi.

dadake_fundi
Naomba kuuliza kitu ya watu wa mfuko mdogo. Mimi na ndugu yangu tuna mashine ya stima, ile ya nyumbani, na hatuna pesa ya pampu ya betri. Tunafanya nyumba za Umoja na Donholm, ghorofa moja mbili. Tuanze na nini?

kemikali_ndogo
Dada, napsaki. Ile pampu ya mgongo ya lita 16 ya kupiga dawa ya nyanya, iko kwa kila agrovet. Kwa Nairobi hii naiweka mbele ya vifaa vyote kwa nyumba ndogo, na watu wanaidharau ju haina kelele. Haipunguzi dawa njiani. Unachochanganya ndani ndicho kinafika ukutani, kwa hivyo ata jik ya duka inafanya kazi. Unataka asilimia moja? Jik lita nne na nusu, jaza maji mpaka 16. Ukiwa na ya mtungi ya 12, ni lita moja na robo hivi, kidogo zaidi, maji yaliyobaki. Kwa hesabu ya pesa utaona mara moja kwa nini watu wanapanda matatu kwenda Industrial Area.

Weka sabuni ya vyombo kidogo ndani, vifuniko vitatu vinne, si ya povu, ni ya kufanya dawa ishike ukuta isiteremke yote chini. Lowesha maua na miti kwanza. Piga dawa kuanzia chini ukipanda, ju ikianza juu inashuka na kuacha mistari ambayo haitoki. Ngoja dakika kumi, kumi na tano, utaona mweusi unageuka kahawia alafu unapotea mbele ya macho. Isikauke. Ikianza kukauka rudia kidogo. Alafu suuza kutoka juu ukishuka na nozeli pana, mbali na ukuta.

Nunua yako mpya, usiazime ya shambani. Na angalia ile ya mkuki (lile bomba refu unashika ukipiga dawa) wa plastiki, wa shaba hautamaliza msimu. Jioni pitisha maji safi mpaka isinuke.

mtu_wa_karwosh
Napsaki inavuja mgongoni bana. Nishaona msee overoli ya bluu imebaki na ramani nyeupe kwa mgongo na ngozi imewaka.

kemikali_ndogo
Inavuja kama ringi ya kifuniko imechoka ama ukijaza mpaka mdomoni. Kagua na maji matupu kabla ya kuweka dawa. Na hii ni kwa wote, miwani ya kufunga pande zote, glavu ndefu, gambuti, na simama upepo ukiwa nyuma yako. Klorini kwa jicho si hadithi ya kesho.

rangi_mbili
Na msichanganye na vitu vya asidi!! Nimeona kijana anaweka jik na ile dawa ya choo pamoja kwa ndoo moja "ndio iwe kali". Hiyo inatoa gesi ya klorini, ile inafunga kifua. Bafu dogo lisilo na dirisha unaweza usitoke.

Msafi_wa_Langata
Hiyo nimeshika. Sasa nikirudi kwa kazi yangu, kuta nimeelewa, nitapima injekta nione. Paa je? Vigae vya udongo vimejaa moss na yale madoa meupe ya duara. Na kwa chini ya ukuta kuna ile nyekundu ya udongo, imepanda karibu futi mbili, nimejaribu na klorini haiguswi.

Injekta_ni_Injekta
Paa usipande na presha. Vigae vya zamani vinavunjika, na maji yanaingia chini ya vigae mpaka kwa silingi. Nakubali hapo injekta haiwezi. Paa inataka kama asilimia 3 na zaidi, injekta ata na ya mtungi inakupa moja tu.

kemikali_ndogo
Ndio hapo sasa pampu ya betri ya volti 12 inastahili pesa yake. Dawa inatoka kwa mtungi, inapita kwa pampu ya diafragm (ule utando wa mpira wa ndani unaosukuma dawa), inaenda kwa paipu yake peke yake, haijui kama mashine ya presha iko. Unachanganya mwenyewe: klorini ya 12 sehemu moja, maji sehemu tatu, unapata 3. Inatema mbali kuliko napsaki, presha yake haitafika ata bar 7, kwa hivyo kigae hakisikii kitu. Unasimama kwa ngazi pembeni, hupandi juu. Moss utaona inageuka rangi, iache ikauke na ianguke yenyewe na mvua, usiikwaruze siku hiyo. Madoa meupe ya duara yanachukua muda, mwambie mwenye nyumba mapema asikuite tapeli.

Ukinunua pampu uliza kama diafragm na sili zinavumilia klorini, zile za bei rahisi za kupigia maji ya kunywa zinafura ndani ya mwezi. Suuza na maji kila jioni, dakika tano tu. Kama una paa moja tu mwaka huu, kodisha ama tumia napsaki na uvumilivu.

Kuna pia X-Jet, inavaliwa mwisho kabisa wa mkuki na inanyonya dawa pale pale mdomoni, kwa hivyo ata paipu ya presha haiguswi na dawa, na inarusha mbali sana, ghorofa mbili bila ngazi. Inavuta dawa kali kuliko injekta. Ubaya ni kuagiza nje, na ile paipu ya dawa inaning'inia kwa bunduki, unatembea na ndoo kama umefungwa mbuzi.

fundi_mabati
Hayo ni ya vigae. Mabati msipige hizo asilimia 3. Klorini inakula mabati, hasa pale kwa misumari na pale watu walikata na grainda. Mabati ukungu wake ni wa juu juu, asilimia nusu na sabuni, suuza sana. Zile za vipande vya mawe juu pia ni chuma ndani, zisikuhadae. Na ukiosha karibu na fensi ya stima, zima kwanza kwa ile mashine yake, funika na nailoni, alafu suuza nyaya baada. Taa za nje, intakomu na soketi hivyo hivyo.

rangi_mbili
Hiyo nyekundu ni udongo wetu wenyewe, ni kutu ndani yake ndio inatia rangi, chuma. Klorini haiwezi kutu. Toa matope na brashi na sabuni kwanza, itakayobaki ndio unapiga oksaliki asidi ya kuyeyusha kwa maji, inauzwa unga. Jaribu mahali pa kujificha. Lakini iwe siku ingine, ama ukuta umesuuzwa klorini yote imeisha, ju hiyo ni asidi na tushasema. Na kwa mazeras (yale mawe ya kubandika ukutani) usiiache ikae, asidi inakula simenti ya maungio.

Msafi_wa_Langata
Na kwa nini ukungu uko upande mmoja tu nyumba zote? Mwenye nyumba ananiuliza kama plasta ina shida.

kemikali_ndogo
Ni upande wa kusini? Kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba jua letu linakuwa kaskazini, kwa hivyo ukuta wa kusini unapigwa na mvua ndefu yote alafu unaingia baridi ya Juni na Julai bila kuona jua. Plasta haina neno. Mwambie aoshe Agosti kuelekea Septemba, kabla ya mvua za Oktoba, na apunguze ile miti inagusa ukuta.

Msafi_wa_Langata
Ni kusini kweli! Sawa, nimepima injekta leo jioni, jagi limekauka nikiwa na lita 14 kwa pipa, na paipu ya mita 30. Kwa hivyo na klorini ya mtungi ya 12 ni kama 0.85 ukutani?

kemikali_ndogo
Ndio hivo, kama ni 12 kweli. Ikiwa imeshuka mpaka 9 unapata 0.65, bado inatosha kwa ukuta wa krimu. Kwa zile sehemu nyeusi chini ya dirisha pita na napsaki ya asilimia moja na nusu kwanza alafu injekta ifuate. Toa ile injekta kwa paipu ukimaliza dawa, usiiache imekaa hapo ukipiga presha siku nzima, ile mpira ndogo ya ndani na springi yake ndio huharibika.

dadake_fundi
Na bei mnaweka aje? Kwa nyumba ama kwa skwea mita?

Injekta_ni_Injekta
Mimi kwa nyumba, baada ya kuiona na kuzunguka nyuma. Kuta bei yake, paa bei yake, nyekundu ya chini bei yake. Dawa unaiandika peke yake kwa kwotesheni, na maji pia, ju kama siku hiyo mgao haujafika kwao, bowser inalipwa na mwenye nyumba.